Kufunga baa mbaya mtaani: anzeni na leseni, si na rungu

Baraza likipitisha kwa kuinua mikono kwamba kuanzia Jumatatu pombe haiuzwi tena katika lokesheni ya chifu, watu hurudi makwao wameridhika, na Jumatatu jioni baa hufunguliwa kama kawaida. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliipa serikali ya kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Chifu hawezi kufuta leseni hiyo, mzee wa mtaa hawezi, na kura ya wakazi haiwezi. Nguvu ya mtaa iko mahali ambapo wachache hufika: mbele ya kamati ya leseni ya kaunti ndogo, wakati leseni inapoombwa au kufanywa upya.

Je, mtaa upige pombe marufuku? Jibu letu: marufuku ya jumla, hapana, kufunga vituo vinavyovunja masharti, kimoja baada ya kingine, ndiyo. Marufuku ya jumla humpata kwanza mwenye kibali anayeonekana barabarani, kisha wanywaji wake wanahamia mangweni, kwenye pombe haramu. Jimbo la Bihar nchini India lilipiga pombe marufuku Aprili 2016, na Desemba 2022 pombe ya sumu ikaua makumi ya watu katika wilaya ya Saran. Kwetu hatari iko karibu zaidi, kwa kuwa kuanzia mtaa wa Obunga mjini Kisumu hadi vijiji vya kando ya mto Nzoia, chang'aa, pombe kali ya kienyeji, haihitaji kutafutwa.

Orodha kwanza, malalamiko baadaye

Watu sita wakienda wawili wawili wanatosha mtaa mmoja. Pitieni mara tatu kwa siku tofauti: saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri, na baada ya saa 5 usiku. Moja ya siku hizo iwe Jumamosi. Daftari liwe na jina la kituo, namba ya ploti, mwenye leseni, aina ya leseni, tarehe ya kuisha, saa mliyokikuta wazi, na umbali hadi shule iliyo karibu.

Leseni hutakiwa kubandikwa mahali panapoonekana. Agizeni soda, kaeni, someni karatasi iliyo ukutani. Yapo mambo matatu yanayojitokeza mara nyingi: leseni iliyokwisha, leseni ya ploti nyingine, na risiti ya malipo iliyotundikwa kama leseni. Risiti inaonyesha kwamba mtu ameomba, haionyeshi kwamba amekubaliwa. Msipige picha za wateja. Picha ya mlango na saa ya kufungua inatosha, na haiwaletei ugomvi.

Sasa umbali. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu wanayoiita Sheria ya Mututho, inataka kituo cha kuuzia pombe kiwe angalau mita 300 kutoka shule yoyote ya walio chini ya miaka 18, chekechea ikiwemo. Azimeni utepe wa mita 50 kwa mwalimu wa michezo. Mara sita ni mita 300. Msitegemee simu peke yake, maana ramani yake inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kesi ngumu za mtaani huwa karibu na mpaka wenyewe wa mita 300, pale pale ambapo kosa dogo linaua hoja yenu. Pimeni kwa njia mbili, mstari ulionyooka na njia ya miguu, kuanzia kwenye ua wa shule hadi mlango wa baa. Andikeni vipimo vyote viwili. Mwenye baa ataleta kile kinachomfaa, kwa hiyo ni heri kamati ikute mmeshakitaja. Chekechea iwe imesajiliwa; ombeni nakala ya cheti kwa mwalimu mkuu mapema, kwa sababu chekechea ya kanisani isiyo na usajili huangushwa kwa dakika mbili. Umbali wa kanisa au msikiti wenyewe haumo katika sharti hilo la mita 300, hata kama unauma zaidi.

Saa nazo ni ushahidi. Kwa leseni ya kawaida ya baa, sheria hiyo inaruhusu kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana hadi saa 5 usiku wikendi na sikukuu. Leseni za aina nyingine zina saa zake, ndiyo maana safu ya "aina ya leseni" isiachwe wazi. Kaunti zimetunga pia sheria zake, nyingi zikifuata muundo huu. Chukueni nakala ya sheria ya kaunti yenu kwa karani wa bunge la kaunti, na katika barua ya pingamizi mnukuu kifungu cha humo.

Gaweni orodha

Kituo chenye leseni kinachotii masharti, kiacheni. Ndiyo, hata kama mume wa mtu anamalizia mshahara humo. Mkikishambulia hicho, mnapoteza uaminifu mtakaouhitaji kwa vile vingine. Chenye leseni kinachovunja masharti kinapelekwa kwa kamati ya leseni. Kisicho na leseni ni cha polisi na maafisa wa kaunti: ripotini kituoni, mpewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na muiandike daftarini. Bila namba hiyo hamkuripoti, mlipiga soga. Mama pima, yaani wauzaji wa chang'aa ya kupima, na wapishi wake wana njia yao, tutafika.

Pingamizi

Utaratibu wa sheria ya 2010 ni kwamba majina ya waombaji wa leseni, ploti zao, na tarehe na mahali pa kikao yatangazwe kwa muda usiopungua siku 21, ikiwemo kwenye ubao wa ofisi ya chifu. Hapa ndipo mitaa mingi hushindwa. Tangazo hukaa nyuma ya karatasi za mbuzi aliyepotea na mikutano ya basari, na watu hulisikia baada ya kikao. Mpangeni mtu mmoja apite kwenye ubao kila Ijumaa na kuupiga picha. Kama hakuna tangazo na mnajua vikao vinaendelea, andikeni ombi la taarifa kwa kaunti chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Kutotangaza kwenyewe ni hoja.

Mtu yeyote anaweza kupinga ombi. Barua huandikwa kwa katibu wa kamati, na mwombaji naye lazima apewe nakala yenye sababu zenu angalau siku 7 kabla ya kikao. Nakala hii ya pili ndiyo husahaulika, na pingamizi zuri hutupwa kwa sababu yake. Mpelekeeni mkononi akiwepo shahidi, atie sahihi kwenye nakala yenu. Akikataa, tumeni kwa rejista ya posta na mtunze stakabadhi.

Barua isizidi kurasa mbili. Kiini chake kiwe hivi:

"Sisi wakazi tuliotia sahihi tunapinga kufanywa upya kwa leseni ya kituo kilichopo ploti namba ____. Kwanza, kiko mita 262 kwa mstari ulionyooka na mita 291 kwa njia ya miguu kutoka ua wa shule ya msingi ya ____ (mchoro umeambatishwa). Pili, kilikutwa kikiuza saa 3:20 asubuhi tarehe ____ na saa 3:45 asubuhi tarehe ____. Tatu, kuna vituo vingine 7 vyenye leseni ndani ya nusu kilomita, orodha imeambatishwa. Tunaomba leseni isitolewe."

Hoja ya tatu msiidharau, hasa ombi likiwa la leseni mpya: hapo kamati inatakiwa kuridhika kwamba vituo vilivyopo havitoshi mahitaji ya eneo kulingana na idadi ya watu. Mwombaji ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba baa ya nane inahitajika, na mara nyingi hajajiandaa kabisa. Maneno kama "vijana wetu wanaangamia" yana ukweli wake, lakini kamati haina kifungu cha kuyashikia.

Sahihi 40 za watu wanaoona mlango wa baa hiyo zina uzito kuliko 400 zilizokusanywa sokoni Kondele. Kila jina liende na mahali mtu anapoishi. Karatasi yenye namba za vitambulisho isipigwe picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu, na mwenye baa pia yumo kwenye kundi hilo. Siku ya kikao wazungumze watu wawili tu: aliyepima, na mwalimu au mzazi. Watakaoenda ishirini wakipiga kelele watawapa wanakamati sababu ya kuahirisha.

Kelele za muziki ni mlango mwingine, tena rahisi. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 kwa maeneo ya makazi usiku, na usiku wake huanza saa 2. Programu ya simu itawaonyesha tu kama mna kesi. Kipimo cha kutumika rasmi kichukuliwe na afisa wa mazingira.

Kama tatizo ni sheria yenyewe, kwa mfano hakuna kikomo cha idadi ya baa katika wadi, basi ni ombi kwa bunge la kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliomba litunge au libadilishe sheria. Ombeni kikomo cha idadi na maeneo mahususi ya baa. Sheria ya kufunga zote, ikipitishwa bila kuwashirikisha wafanyabiashara, itawapa hoja nzuri ya kwenda nayo Mahakama Kuu.

Chang'aa na busaa

Sheria ya 2010 ilifuta ile iliyoharamisha chang'aa, lakini iliruhusu tu inayotengenezwa kwa leseni, kwa viwango, na kufungwa kwenye chupa. Ya mtungi bado ni kosa. Msako wa kumwaga kangara, ule mchanganyiko uliochachushwa wa kupikia chang'aa, humgusa mama anayelipa karo kwa pipa moja, na baada ya wiki mbili pipa lingine liko pale pale kando ya mto. Anayeleta molasi kwa lori na mitungi ya lita 20 ya spiriti hana hata tope kwenye viatu. Taarifa zenu kwa polisi zianze naye: siku, saa, namba ya gari, mahali anaposhusha. Kwa mama mwenyewe, chama kimpe mkopo wa biashara kabla ya pipa kumwagwa. Akishapoteza mtaji hana cha kuanzia isipokuwa pipa jingine.

Pombe iliyokamatwa ulizieni hadi iharibiwe kwa amri ya mahakama. Februari 2024 huko Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya 10 walikufa kwa pombe iliyodaiwa kutoka kwenye vielelezo vilivyohifadhiwa kituo cha polisi.

Msichome, msivunje, msimwage wenyewe. Kuchoma nyumba ni kosa kubwa la jinai, na mwenye baa isiyo na leseni atageuka mlalamikaji, ninyi washtakiwa. Maandamano ya amani yanaruhusiwa. Toeni notisi kwa polisi kati ya siku 3 na 14 kabla.

Wanywaji baada ya kufunga

Mtu anayekunywa kila siku akikatiwa ghafla anaweza kuanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 12. Degedege huweza kufuata, na siku ya pili au ya tatu kuchanganyikiwa kunakoweza kumuua. Wahudumu wa afya ya jamii wapewe majina ya watu hao kabla ya siku ya kufunga, wapelekwe hospitali wakaachishwe kwa dawa. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

Methanoli, ile spiriti ya sumu inayopatikana katika pombe haramu, haijulikani kwa harufu wala kwa kuwasha kiberiti. Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: macho kuona ukungu, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa kasi. Mtu wa namna hiyo asipewe maziwa na kulazwa nyumbani eti ni hangova. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo pamoja na chupa aliyonywea, na wote walionywa naye watafutwe hata kama bado wanajisikia vizuri.