Somo: Jinsi oksini inavyojichongea njia na kuzaa mishipa ya mmea

Chukua jani la kunde uliinue juani. Mshipa mkubwa umepita katikati, midogo imetawanyika hadi ukingoni, na yote imeungana. Wanafunzi wengi hukariri kazi za zailemu (mishipa ya maji) na floemu (mishipa ya chakula) bila kuulizwa kwa nini seli hii ikawa bomba na jirani yake ikabaki seli ya kawaida. Jibu, kwa sehemu kubwa, liko kwenye safari ya homoni ya oksini. Kule kupita kwake ndiko kunakolizaa bomba.

Hatua ya 1: Jua inakotoka. Oksini kuu ya mimea ni asidi ya indoli-asetiki. Hutengenezwa hasa kwenye ncha za machipukizi na kwenye majani machanga, kisha huteremka kuelekea mizizini kwa mwendo wa kama sentimita 1 kwa saa.

Hatua ya 2: Elewa mlango wa seli. Maji yaliyo kwenye kuta za seli yana uchachu, pH karibu 5.5. Ndani ya seli pH ni karibu 7. Penye uchachu, baadhi ya molekuli za oksini hazina chaji, kwa hiyo hupenya utando wa seli. Zikishaingia hupoteza protoni, hupata chaji hasi na kunaswa humo. Pa kutokea ni kwenye protini maalumu, na inayojulikana zaidi ni PIN1. Katika seli za shina zinazosafirisha oksini, PIN1 hukaa upande wa chini. Ilipo PIN1, ndiko oksini iendako.

Hatua ya 3: Fuata mkondo unavyojikuza. Hapa ndipo penye utamu wote, soma taratibu. Tsvi Sachs wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, alikata miche ya njegere na kuipaka oksini ubavuni. Mishipa mipya ikaota kutoka pale palipopakwa hadi kwenye mshipa wa zamani. Lakini mshipa wa zamani ulipokuwa tayari unapata oksini yake kutoka juu, ule mpya haukuungana nao kwa urahisi. Kutokana na majaribio hayo alieleza hivi: seli inayopitisha oksini nyingi kidogo kuliko jirani zake huongeza uwezo wake wa kuipitisha, na hivyo huwavuta majirani waipitishie yao. Ndivyo maji ya mvua yanavyofanya kwenye uwanja wa udongo wenye mteremko: yanaanza yametandaa, kisha kijifereji kimoja kinachimbika na kuyakusanya mengine. Miaka mingi baadaye PIN1 ilionekana kwa darubini ikifanya jambo hilohilo. Kwenye jani changa la *Arabidopsis thaliana*, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, huanza kuonekana katika seli nyingi, kisha hubaki kwenye mstari mwembamba, na mstari huo ndio unaokuja kuwa mshipa.

Hatua ya 4: Kutoka mstari hadi bomba. Seli za mstari hurefuka na kuwa prokambiamu, yaani tishu changa ya mshipa. Baadhi huwa floemu, hai. Nyingine hujenga kuta nene zenye lignini, ile dutu inayoufanya mti kuwa mgumu, kisha hufa na kuacha uwazi wa kupitishia maji. Hizo ndizo zailemu.

Hatua ya 5: Tazama jeraha. Mwaka 1952 William Jacobs alionyesha kwamba shina la Coleus, mmea wa mapambo, likikatwa mshipa, zailemu mpya hulizunguka jeraha. Akiondoa majani ya juu, zailemu hiyo hupungua. Akiweka oksini badala ya majani, hurudi. Sijui jaribio jingine linaloweka chanzo na tokeo wazi namna hii mbele ya wanafunzi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kama oksini hutiririka kwenda upande mmoja, mbona mishipa ya jani hufanya vitanzi?*

Marahaba. Swali hili liliwasumbua watafiti kwa muda mrefu. Uchunguzi wa PIN1 uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kitanzi hutokana na vipande viwili vinavyokutana. Panapokutania huwa na seli yenye PIN1 kwenye ncha zake mbili, hivyo oksini hutoka humo kwenda pande zote mbili.

*Mimi hubebesha miembe. Hili linanihusu?*

Linakuhusu sana. Macho ya kikonyo, yaani kitawi unachokipandikiza, hutuma oksini chini, nayo husaidia mishipa kuungana kupita kwenye kidonda. Ndiyo sababu kambiamu (tabaka jembamba la seli zinazogawanyika chini ya gome) ya kikonyo na ya mche lazima zigusane, angalau upande mmoja, na ufunge kwa kukaza. Kwenye Arabidopsis, floemu huungana siku chache kabla ya zailemu. Kwa hiyo kikonyo huanza maisha mapya kikiwa na maji machache sana, na ile nailoni unayokifunika nayo ndiyo inayokiokoa.

*Je, oksini hufanya kazi peke yake?*

Hapana. Sitokinini, homoni nyingine ya mmea, huchochea seli za mshipa kugawanyika, na zipo jeni zinazoamua upande upi uwe zailemu na upi floemu. Ila njia yenyewe huchorwa na oksini. Zuia usafiri wake kwa kemikali iitwayo NPA wakati jani likiwa changa, na mishipa hujazana karibu na ukingo, ikiwa minene kuliko kawaida.