Kuthaminisha Triumph ya zamani kabla ya kukata bima

Ukipiga simu hapa Uingereza kutaka bima ya pikipiki ya Triumph Bonneville ya 1970, utaulizwa mengi, lakini la kulikazania ni moja: ikiibiwa au ikiungua, utalipwa bei ya soko au thamani ya makubaliano? Bei ya soko huamuliwa baada ya hasara, na kampuni ndiyo inayoanza kuitaja. Thamani ya makubaliano mnaiandika mapema. Mkiandika pauni 9,000, pikipiki ikapotea yote, unalipwa hizo, ukiondoa ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Chagua ya pili. Chombo ambacho hakiuzwi tena dukani kikipotea, kubishania bei na mtu ambaye pesa bado ziko mkononi mwake ni kazi ya kuchosha.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Coventry, karibu na Meriden palipokuwa na kiwanda cha Triumph hadi kilipofungwa 1983. Ni fundi wa pikipiki, na watu huniletea mashine zao nizikague kabla ya mthamini kuja.

Kwanza uliza kampuni inapokea tathmini ya nani ili ikubali thamani hiyo. Nyingi zinazoshughulika na vyombo vya kale huridhika na barua ya klabu ya wenye pikipiki za aina hiyo, nyingine hutosheka na picha na maelezo yako. Usimlipe mtu kabla hujajua kama karatasi yake itasomwa. Kwa Bonneville ya kawaida ningekwenda klabu, gharama ni ndogo na wanaijua mashine. Mthamini wa kujitegemea, anayekuja mpaka gereji kwako, anafaa pikipiki ikiwa adimu, ilikuwa ya mashindano, au imebadilishwa sana.

Sasa shika tochi na kitambaa. Namba ya fremu iko kwenye shingo yake, pale usukani unapozungukia, upande wa kushoto. Namba ya injini iko kushoto pia, chini ya silinda. Safisha kwa mafuta ya taa na kitambaa tu. Usiguse na brashi ya waya wala msasa, maana mthamini akiona mikwaruzo hapo ataanza kuuliza maswali. Kuanzia 1969 Triumph waligonga herufi mbili mbele ya namba: ya kwanza mwezi wa kutengenezwa, ya pili msimu wa uzalishaji. ED ni Mei 1970. ND ni Oktoba, na hapo ndipo wengi wanapopotea: D ni msimu wa 1970, nao ulianza Agosti 1969, kwa hiyo mashine hiyo ilitoka kiwandani Oktoba 1969. Mthamini akikuandikia Oktoba 1970, tafuta mwingine.

Kwenye injini za miaka hiyo, namba imegongwa juu ya sehemu iliyoinuka kidogo iliyojaa nembo ndogo ndogo za Triumph. Zimewekwa makusudi: mtu akisugua namba kwa tupa ili agonge nyingine, nembo nazo zinafutika. Tazama kwa mwanga wa pembeni. Nembo zikiwepo chini ya tarakimu, na namba ya injini ikiwa sawa na ya fremu, umeshika sehemu kubwa ya thamani ya pikipiki yako. Zikitofautiana, sema wazi. Bima iliyokatwa kwa maelezo ya uongo inaweza kukataliwa siku ya madai, na hapo hata makubaliano hayakusaidii.

Karatasi zinafuata: hati ya usajili ya V5C, risiti za vipuri na za fundi, vyeti vya zamani vya ukaguzi vinavyoonyesha maili zikipanda mwaka hadi mwaka. Bonneville nyingi ziliuzwa Marekani, na baadhi zimerudishwa huku. Kama yako ni mojawapo, weka pia karatasi za forodha. Vintage Motor Cycle Club, klabu iliyoanzishwa 1946, hutoa cheti cha kuthibitisha umri wa mashine. Agiza mapema.

Kuhusu kung'arisha: usikimbilie kupaka rangi mpya ili mthamini afurahi. Tangi lenye rangi ya kiwandani, hata kama imefifia, linaweza kumvutia mnunuzi kuliko tangi la kunakili linalong'aa. Osha, basi. Wala usiwashe pikipiki asubuhi ya siku mthamini anapokuja. Mthamini anayeijua kazi yake hugusa injini kwanza, akiikuta ya moto atajiuliza unaficha nini. Piga picha pande zote mbili, namba zote mbili, odometa, karibureta za Amal na chini ya injini panapovuja. Ndiyo, panapovuja. Picha hizo ndizo ushahidi wa hali yake siku ya tathmini.

Ukitaka kujua bei kabla hujaambiwa, usitazame matangazo. Hayo ni matumaini ya muuzaji. Tazama matokeo ya minada, kama ya Bonhams kule Stafford au H&H kwenye National Motorcycle Museum. Angalia kama bei iliyochapishwa ni ya nyundo tu, yaani ile mnada ulipofungia, au imejumlisha ada ambayo mnunuzi huilipa kampuni ya mnada, maana tofauti yake si ndogo.

Ripoti ikifika, isome yote. Iwe na namba zote mbili, tarehe, picha, na maneno kwamba thamani hiyo ni kwa ajili ya bima. Itume, halafu subiri kampuni ikuthibitishie kiasi hicho kwa maandishi. Kutuma peke yake si makubaliano. Uliza thamani hiyo inadumu muda gani, na kama utaruhusiwa kununua mabaki pikipiki ikiharibika kabisa. Uliza pia kuhusu vipuri ulivyohifadhi kwenye sanduku gereji, ile eksozi ya asili na tangi la akiba. Mara nyingi havihesabiwi pamoja na pikipiki, vinahitaji kuandikwa peke yake.