Jinsi ya kuwasha na kuendesha Ford Model T bila kuvunjika mkono

Kama umezoea gari ya manyuo, Model T itakusumbua kuliko mtu ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake. Sikutanii. Pedeli ziko tatu pale chini kama kawaida ila hakuna inayofanya kazi unayoitegemea, ya kulia ndo breki, ya katikati ni rivasi, ya kushoto ni klachi na gia kwa pamoja, na mafuta hayapo mguuni kabisa, yako mkononi, kwenye liva ndogo chini ya usukani upande wa kulia. Sasa mtu wa Corolla akitaka kuongeza mwendo anakanyaga kulia, gari inasimama. Akitaka kusimama anakanyaga katikati, gari inataka kurudi nyuma. Yule asiyejua kitu yeye anaelekezwa kidogo tu anaondoka zake.

Na hiyo ndo ilikuwa hesabu ya Henry Ford yenyewe. Gari inatoka Detroit Oktoba 1908, Wamarekani wengi hasa wa mashambani bado ni watu wa farasi, na gari nyingi za wakati ule zilikuwa na gia ambazo usipozilinganisha na mwendo wa injini meno yanasagana mpaka mtaa wa pili wanasikia. Ford na mafundi wake, akina Childe Harold Wills na yule Mhungaria Joseph Galamb, wakaweka gia ambazo meno yake yameshikana muda wote, we unachofanya ni kubana mkanda kwenye dramu kwa mguu, basi, hakuna cha kusaga. Ford mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima wa Dearborn, na alikuwa ameshapiga mwamba mara mbili kwenye biashara, kampuni ya kwanza ya 1899 ilikufa, ya pili akaondoka akaiacha ikaja kuwa Cadillac, hii ya tatu ya Juni 1903 ndo Ford Motor Company tunayoijua. Nayasema mapema kwasababu ukishajua kila kidude kiliwekwa kwa ajili ya nani, huhitaji kukariri.

Haya, tuingie kazini.

Kabla ya kuwasha

Hakuna geji ya mafuta. Kwenye gari nyingi (kabla ya toleo la 1926) tenki liko chini ya siti ya mbele, kwahiyo unamnyanyua abiria, unatoa siti, unafungua kifuniko unazamisha kijiti kuona petroli imefika wapi. Usifanye na sigara mdomoni, nadhani hilo halihitaji maelezo.

Oili nayo haina kijiti cha kupimia kama gari za sasa. Chini nyuma ya injini, kwenye kava la flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka na injini), kuna vikoki viwili, kimoja juu kimoja chini, unalala chini ya gari na plaizi unafungua. Cha juu kikitoa oili imejaa, usiongeze. Cha juu kikiwa kikavu ila cha chini kinatoa, uko sawa, ongeza kidogo. Cha chini kikiwa kikavu usiwashe kabisa, maana injini hii haina pampu ya oili, flaiwili ndo inarusha oili juu na nyingine inarudi mbele kwa kibomba, ikipungua wa kwanza kuumia ni beringi za mbele.

Rejeta jaza maji. Pampu ya maji nayo hakuna (zile gari za mwanzo kabisa zilikuwa nayo, wakaitoa), maji ya moto yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka, mzunguko unajiendesha. Yakipungua mzunguko unakatika na itachemka. Unaona Ford alivyokuwa anafikiri, kitu kisichokuwepo hakiharibiki na hakina bei.

Kuwasha kwa hendeli

Hapa soma taratibu, hapa ndo watu walivunjika mikono.

Kwanza handibreki. Ni liva ndefu upande wa kushoto wa dereva, ivute nyuma mpaka mwisho. Hiyo liva inafanya kazi mbili, inafunga matairi ya nyuma na wakati huohuo inaweka gari friii. Ukisahau, gari ikiwaka inakuja juu yako na we umesimama mbele yake na hendeli mkononi.

Pili, chini ya usukani kuna liva mbili ndogo. Ya kulia ni mafuta, ishushe vimeno vichache tu. Ya kushoto ni taimingi ya moto wa plagi, na hii ipandishe juu mpaka mwisho, kabisa kabisa. Liva ikiwa juu moto unachelewa, cheche inapiga pistoni ikiwa imeshapita kileleni. Ukiiacha chini cheche inapiga mapema, pistoni bado inapanda, inasukumwa kurudi ilikotoka na hendeli inarudi nayo kwa nguvu zote. Ndo mkono unavyovunjika. Kwahiyo hata kama umeangalia, angalia tena.

Tatu, nenda mbele ya gari swichi ikiwa bado imezimwa. Pembeni ya rejeta kuna waya wenye kitanzi, hiyo ndo choki. Vuta waya, huku unazungusha hendeli robo mzunguko mara mbili tatu ili injini inyonye petroli. Achia choki. Rudi ndani, washa swichi. Iko kwenye boksi la koili mbele yako na ina pande mbili, betri na magneto. Gari za zamani hazikuja na betri kabisa, umeme wote ulitoka kwenye hiyo magneto, yaani sumaku 16 zilizofungwa kwenye flaiwili. Kama yako ina betri anzia upande wa betri, utasikia koili moja inalia zzzz kwenye boksi, na kuna siku huo mlio peke yake unatosha, injini inawaka hujagusa hendeli.

Isipowaka rudi mbele. Tumia mkono wa kushoto. Kidole gumba weka upande mmoja na vingine, usikizungushe kwenye hendeli kama unavyoshika jembe. Sukuma hendeli ndani mpaka ishike, iweke chini kidogo upande wa kushoto kwako, alafu vuta juu kwa mara moja. Kuvuta juu tu, usisukume chini hata siku moja, maana ukivuta ikirudisha inakutoka vidoleni, ukisukuma inakupiga na uzito wako wote uko juu yake.

Ikishawaka kimbia (tembea haraka basi) urudi kwenye usukani, shusha liva ya kushoto taratibu mpaka injini iache kukohoa itulie, punguza mafuta, hamishia swichi kwenye magneto.

Asubuhi za baridi za kule Michigan oili inakuwa nzito, sahani za klachi zinagandana, na hata ukiweka friii gari inataka kutembea. Wazee wa kule dawa yao ilikuwa kupiga jeki tairi moja la nyuma ili lizunguke hewani, na hendeli inakuwa nyepesi pia. Bado inafanya kazi hadi leo, ila weka vigingi kwenye matairi mengine.

Kuondoka

Usihangaike kutafuta mlango wa dereva. Kwenye zile touring (za wazi zenye siti za mbele na nyuma) nyingi zilizotengenezwa Marekani upande wa kushoto mbele kuna umbo la mlango limechorwa kwenye bati tu, halifunguki, handibreki ingeziba njia hata hivyo. Unapanda upande wa kulia unajisogeza. Ndio, usukani uko kushoto, na Model T ina mchango mkubwa kwenye Wamarekani kuzoea hivyo.

Sasa pedeli ya kushoto ina sehemu tatu na hii ndo siri ya gari nzima. Ukiikanyaga mpaka chini ni gia ndogo. Ukiishika katikati ni friii. Ukiiachia juu kabisa, na handibreki ikiwa mbele, ni gia kubwa. Gia ni hizo mbili tu.

Ishike pedeli katikati kwa mguu wa kushoto, peleka handibreki mbele yote. Ongeza mafuta kidogo kwa mkono wa kulia. Kandamiza pedeli mpaka chini, gari itaondoka na mlio wa kulalamika, hiyo ni sauti yake ya kawaida. Ikifika kama kilomita 15 kwa saa punguza mafuta, achia pedeli ipande juu bila kuchelewesha katikati, alafu rudisha mafuta. Umeshaingia gia kubwa, toa mguu, hakuna kingine cha kufanya mpaka Chicago. Ina nguvu farasi 20 na ukiisukuma sana itafika kama kilomita 65 hadi 70 kwa saa, ila kwa breki ilizonazo mi nisingefika huko.

Kosa la wanaotoka kwenye manyuo linakuja hapa, akiona hatari anakanyaga kushoto mpaka chini akidhani anakata klachi, kumbe anaingiza gia ndogo na mafuta bado yako wazi maana liva haijirudishi yenyewe kama pedeli. Jifunze mpangilio mmoja mpaka uwe wa mwili: mkono wa kulia unafunga mafuta, kushoto inashikwa katikati, kulia inakanyagwa. Fanya gari ikiwa imezimwa, mara nyingi, hata majirani wakucheke.

Kusimama, rivasi na milima

Breki ya mguu haishiki matairi, inabana dramu ndani ya gia, kwahiyo kitu kikikatika kati ya hapo na matairi huna breki ya mguu, unabaki na handibreki ambayo kwa gari ya mwendo haina maajabu. Anza kusimama mapema kuliko unavyodhani. Wenye Model T wengi siku hizi wanaongeza breki za ziada kwenye matairi ya nyuma na mi naona hiyo sio anasa. Kwa dharura rivasi nayo inasimamisha, madereva wa zamani waliitumia hivyo na mikanda ya pamba ikaisha mapema.

Rivasi: simama kabisa, kushoto katikati, kanyaga ya katikati.

Mlima mkali una kichekesho chake. Petroli inashuka kwa uzito wake tu kutoka kwenye tenki hadi kabureta, pampu hakuna, kwahiyo tenki likiwa linakaribia kuisha na mlima ni mkali, kabureta inakuwa juu kuliko mafuta na injini inazima. Dawa yake ni kugeuza gari uupande mlima kinyumenyume. Na kwa bahati rivasi ni nzito kuliko hata gia ndogo, kama 4 kwa 1 dhidi ya 2.75 kwa 1, kwahiyo mlima ulioshindikana kwa mbele unaweza kupandika kwa nyuma.

Usiku, kama gari yako taa zake zinatoka kwenye magneto (umeme uliingia kwenye taa za mbele 1915), jua kwamba mwanga unafuata injini. Ukipunguza mwendo kuangalia shimo vizuri ndo taa zinafifia.

Kwanini waliendelea nayo hivo miaka 19

Kwasababu iliuzika, na iliuzika kwasababu bei ilikuwa inashuka. Ilianza dola 850, katikati ya miaka ya 1920 runabout (ile ndogo ya siti moja ya mbele tu) ikawa dola 260. Kilichoshusha ni kile kiwanda cha Highland Park, 1913 walianza kuitembeza chesisi mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kuizunguka, na muda wa kuunganisha chesisi moja ukatoka masaa 12 na nusu hadi kama lisaa limoja na nusu. Wafanyakazi walikuwa wanakimbia hiyo kazi makundi kwa makundi, we fikiria kufunga nati ileile kutwa, ndo Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku ya kazi ya masaa 8, ila kuipata yote wakaguzi wake walikuja mpaka nyumbani kwako kuangalia unaishije. Watu husifia hiyo dola 5 wakaishia hapo.

Alafu gari haikubadilika. Kuanzia 1914 mpaka 1925 rangi ni nyeusi tu, gia zilezile mbili, wakati Chevrolet wanauza gari ya gia tatu kwa bei inayosogea karibu. Mwanae Edsel alimsihi, mzee hakutaka kusikia. Mei 1927 gari ya milioni 15 ikatoka, wakafunga, viwanda vikakaa miezi bila gari mpya hadi Model A ikaja Desemba. Na Model A ikaja na gia tatu na mafuta ya mguuni kama wenzake.

Kuzima na kununua

Kuzima ni rahisi, handibreki nyuma, liva ya kushoto juu, zima swichi, funga koki ya petroli. Liva ya kushoto ipandishe hapohapo, usiseme utapandisha kesho.

Kama uko Marekani na unataka kujaribu kabla ya kununua, Gilmore Car Museum kule Hickory Corners, Michigan, wanafundisha watu kuendesha Model T zenyewe. Kiwanda cha Piquette Avenue pale Detroit ambako ilibuniwa nacho ni makumbusho siku hizi. Ukifika kwenye kununua, soma namba ya injini kwenye bloku upande wa kushoto juu ya bomba la maji uone ni ya mwaka gani, uliza mikanda ilibadilishwa lini, na kama hendeli imekutisha tafuta ya 1919 kuja mbele, nyingi zina stata ya umeme.