Seva ya video ikikatakata: anza na waya

Seva ya video ni kompyuta inayotunza faili ambazo wahariri wote huzifanyia kazi kupitia mtandao. Video zikikwama, kabla hujaizima na kuiwasha, nakili kwenye diski ya nje kazi inayotakiwa wiki hii. Diski inayoelekea kufa inaweza isiamke tena, na harusi haifungwi mara ya pili ili upige picha upya.

Kisha uliza: nani anakwama? Akiwa mhariri mmoja tu, tatizo liko mezani kwake. Wakikwama wote kwa pamoja, shuku swichi (kisanduku kinachounganisha waya zote za mtandao), diski au umeme.

Pima mtandao peke yake, kwa programu ya iperf3. Kwenye seva endesha `iperf3 -s`, kwenye kompyuta ya mhariri `iperf3 -c` na anwani ya seva. Mtandao wa gigabiti ulio mzima husoma karibu Mb/s (megabiti kwa sekunde) 940. Ukiona 94 hivi, mwendo umeshuka hadi megabiti 100, na mara nyingi chanzo ni waya. Gigabiti hutumia nyuzi zote nane za ndani ya waya, megabiti 100 inatosheka na nne. Uzi mmoja kati ya zile nne nyingine ukilegea kwenye plagi, mtandao hauzimi, unapunguza mwendo kimyakimya. Kata plagi ubane mpya. Ukiwa na kisu mkononi, kwarua uzi mmoja: ndani ukiwa mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika ovyo. Rola ya waya huo usiinunue tena, hata kwa bei ya kutupa.

Mtandao ukiwa mzima, piga hesabu kabla ya kumlaumu fundi. Video ya ProRes 422 HQ (muundo wa faili za kuhariri) ya UHD, yaani 4K, fremu 25 kwa sekunde, inakula karibu Mb/s 737. Seva yenye waya mmoja wa gigabiti inambeba mhariri mmoja, basi. Tengenezeni proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, za 1080. ProRes Proxy inahitaji Mb/s 38 hivi.

Sasa diski. Kwenye seva endesha `smartctl -a /dev/sda`, inayosoma afya ya diski, kisha sdb na zinazofuata. Mistari namba 5, 197 na 198, inayohesabu sehemu mbovu za diski, inatakiwa isome sifuri. 197 ikiendelea kupanda, agiza diski nyingine leo. Namba 199 ni kesi tofauti: inahesabu makosa ya kusafirisha data, na kwa kawaida mkosaji ni kebo ya SATA, inayounganisha diski na seva. Ibadilishe, halafu angalia kama inapanda tena, maana hairudi sifuri. Kwenye RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, na kuvumilia moja tu ikifa), soma namba ya utambulisho iliyo kwenye lebo kabla ya kuchomoa. Ukichomoa nzima badala ya mbovu, kila kitu kinasimama. Mbadala uwe diski ya aina ya CMR, ambayo njia zake za data hazipandiani. Za SMR, ambazo njia zake hupandiana, huandika polepole mno wakati wa kujenga upya, hadi RAID inaweza kuzitupa nje.

Kwa baridi ya Mbeya mwezi wa saba, diski ikifika nyuzi joto 50 usisingizie hali ya hewa: feni imejaa vumbi au imesimama.

Mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi na umeme wa kukatika. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) iunganishwe na seva kwa USB ili seva ijizime yenyewe, na swichi nayo ichomekwe humohumo. Wengi huisahau: seva inabaki hai, swichi inazimika, na faili iliyokuwa ikiandikwa inaharibika. Jaribu betri jioni, kazi zikiwa zimefungwa, kwa kuchomoa UPS ukutani. Ikizima kabla seva haijamaliza kujizima, badilisha betri.