Akiba ya Mshono: Namna ya Kuufanya Mwili Utoe Mafuta Yake

Nashona Ngamiani, Tanga, na kiuno cha mteja nakijua kabla hajapimwa kwa futi. Changu nilikifumbia macho. Suruali yangu ya inchi 36 niliifumua kidogo kidogo hadi inchi 40, akiba ya mshono ikaisha, ndipo nikakaa nimsikilize binti yangu, ambaye ni muuguzi.

Anza kwa kujua mafuta yanavyoingia mwilini. Ukila wali wa nazi, wanga unakuwa sukari kwenye damu, na kongosho linatoa insulini, ambayo amri yake ni moja: weka. Ini na misuli hujaza kwanza glaikojeni, yaani akiba ya sukari, lakini nafasi ni ndogo, kama gramu 500 tu kwa mtu mzima. Na maadamu mwili una wanga wa kuchoma, mafuta ya lile tui huenda moja kwa moja kwenye seli za mafuta. Humo yanakaa kama trigliseridi: nyuzi tatu za asidi ya mafuta zimeshonewa kwenye kifungo kimoja cha gliseroli. Gramu moja ina kalori 9, ya wanga ina 4. Stoo gani isingeyapenda?

Kutoka ni kufumua. Insulini ikishuka na adrenalini ikapanda, vimeng'enya vinakata zile nyuzi kwenye kifungo. Zinasafiri na damu hadi kwenye misuli, zinakatwa vipande vidogo na kuchomwa kwa oksijeni. Gliseroli inakwenda kwenye ini, ambako inaweza kugeuzwa sukari.

Kwa hiyo kwanza, acha nafasi kati ya milo. Mimi nilikuwa na chai saa moja, maandazi saa nne, wali saa saba, kashata saa kumi, na usiku nala tena. (Kahawa ya barazani ni chungu, haina kosa, kosa ni kashata.) Nikabaki na milo mitatu na maji katikati. Lakini nafasi peke yake ni danganya toto: ulichokitoa mchana utakirudisha usiku kama sahani ni ileile. Upawa mmoja wa wali nikaurudisha sufuriani.

Kisha tembea. Jioni nakwenda Raskazone na kurudi, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Saa moja ya mwendo huo inachoma kama kalori 300 kwa mtu wa kilo 70. Hata zote zingetoka kwenye mafuta, ni gramu 33, vijiko viwili vya chakula na ushee. Ndiyo maana kazi hii haina haraka.

Mimi haraka nilikuwa nayo. Nilivaa koti la mvua nikakimbia pwani, jua la Tanga hilo, nikapungua kilo mbili. Madafu mawili na chupa ya maji, kilo zikarudi zote. Jasho ni maji. Baadaye nikauziwa "chai ya kukata mafuta", ikanikata tumbo la kuhara. Mafuta yaliyochomwa hutoka hasa kwa pumzi: katika kilo 10, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya kaboni dioksidi na 1.6 kama maji. Lakini usikae ukapuliza kwa makusudi, utapata kizunguzungu tu.

Mazoezi ya tumbo yanakaza misuli iliyo chini, hayachagui mafuta ya hapo. Mimi ulianza kukonda uso, watu wakaniuliza kama naumwa.

Kujipima, fanya asubuhi kabla ya kula. Inua shati, futi ipite usawa wa kitovu, ilale sawa mpaka mgongoni, pumua nje kawaida, soma. Isizame kwenye nyama. Rudia baada ya wiki mbili, maana kilo za wiki ya kwanza nyingi ni glaikojeni na maji yake, kama gramu 3 za maji kwa kila gramu.

Mwenye kisukari anayetumia dawa, au mwenye mimba, aonane na daktari kabla ya kupunguza milo.

Miezi saba imepita. Suruali nimeibana hadi inchi 37. Akiba sijaikata, imo ndani ya mshono.