Pima fichie ya paipulaini mu masini yako mbele ya kupushi

Bandugu ba Bukavu, hii ni ya mwenye anatumia GitHub Actions (huduma ya GitHub yenye inajenga na kupima kodi yako yenyewe ukipushi; fichie yenye inaiambia cha kufanya ndiyo fichie ya paipulaini) na kila siku anapushi, anangoja, anaona nyekundu ya kushindwa, anatengeneza herufi moja, anapushi tena. Mega zinaisha, kumbe ni kosa la sintaksi tu, lenye masini yako ingekuambia hata bila intaneti.

Programu inaitwa actionlint. Ni fichie moja tu, iliandikwa kwa lugha ya Go, haiombe Python wala Node, kwa hiyo mmoja wenu aipakue kwenye GitHub ya rhysd/actionlint, sehemu ya Releases, na wengine wenye sistemu sawa na yake wanachukua na flash, basi. Fungua ile tar.gz, iweke mu /usr/local/bin, ingia mu folda ya proje na uandike:

actionlint

Hauionyeshe njia, inaenda yenyewe mu .github/workflows na kusoma kila fichie ya YAML (namna ya kuandika zile fichie za paipulaini) yenye iko pale. Ikinyamaza, iko sawa. Kama kuko kosa, inakutajia fichie, mustari, koloni (herufi ya ngapi mu mustari) na sababu.

Angalia hii:

on:
  push:
    branch: main

yamllint, programu ingine yenye inapima YAML tu, itapita hapa bila kugusa ile branch (pengine italalamikia on, yenye haina shida yoyote), juu kama YAML ni safi. Lakini GitHub inataka branches, na actionlint inajua, inakushika palepale mustari wa tatu na kukupangia maneno yenye yanakubaliwa. Ukiandika needs: biuld na jobu yako inaitwa build, inakamata pia, cron (saa za kuanzisha paipulaini) mbaya vilevile. Na kama uko na shellcheck (programu ya kupima komande za bash) mu masini, inaiita yenyewe ichunguze komande za ndani ya run:, na kwa mimi hapo ndipo utamu wake wote, juu makosa ya bash ndiyo yanajificha sana mule.

Usingoje ukumbuke kila mara. Unda .git/hooks/pre-push, fichie yenye git inaendesha yenyewe mbele ya kila kupushi:

#!/bin/sh
actionlint

Kisha chmod +x .git/hooks/pre-push. actionlint ikiona kosa inatoka na 1 (alama ya kushindwa), git inakataa kupushi. Kuko git push --no-verify kwa siku ya haraka, lakini usiizoee.

Kama sikreti (neno la siri lenye umeweka GitHub) yenye umetaja iko kweli kule, ama kama testi zitapita, hiyo actionlint haijue. Na benye banatumia GitLab, kwenu komande ni glab ci lint, ila ile inatuma fichie kwa seva, kwa hiyo mega mtalipa tu.