Pumzi kwanza, ngumi baadaye: mazoezi ya karate ya wiki sita kwa anayepaparika

Anayeanza kumite, yaani pambano la karate la watu wawili, hukosea mambo matatu kabla ngumi haijamfikia: hubana pumzi, hupandisha mabega, na hukodolea macho mkono wa mwenzake. Moyo unakwenda mbio, mikono inakuwa mizito, na kinga aliyoirudia mara mia jana haiji. Woga kila mtu anao. Kinachomwangusha ni pumzi iliyokwama, kwa hiyo tunaanzia hapo.

Wiki mbili za kwanza fanya peke yako, alfajiri. Joto na unyevunyevu wa Mtwara kati ya Novemba na Machi humchosha mtu kabla hajajifunza kitu. Ukiwa ufukweni, iwe Shangani au Lindi mjini, subiri maji yapwe, usimame kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Ule mkavu hutitia, na kifundo cha mguu huteguka unapogeuka. Panua miguu sawa na mabega, legeza magoti. Vuta pumzi kwa pua hesabu ya 4, tumbo litoke. Toa kwa mdomo hesabu ya 6. Rudia mara 10. Hesabu ya kutoa ni ndefu kwa sababu kutoa pumzi polepole ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Ukisikia kizunguzungu au vidole kufa ganzi, unapumua kwa nguvu mno: acha, pumua kawaida dakika moja, kisha punguza.

Halafu piga ngumi 20 kila mkono, taratibu, pumzi ikitoka pale ngumi inapofika. Wanaofanya Goju-ryu, mmoja wa mitindo ya karate, wanaijua kazi hii kwenye Sanchin, ambayo ni kata, yaani mfuatano uliopangwa wa mapigo na kinga. Mwanzoni usikaze koo, maana kubana koo na misuli kwa pamoja hupandisha presha.

Wiki ya tatu na ya nne, tafuta mwenzako. Kubalianeni shambulio moja tu: ngumi ya kulia, polepole, iishie upana wa kiganja kabla ya uso. Macho yako yatulie chini kidogo ya koo lake; ukitazama hapo utaona mabega yote mawili yakianza kusogea. Mara 10, kisha mbadilishane. Anayefumba macho, anayecheka-cheka, au anayerudi nyuma kwa mstari mnyoofu amezidiwa, hata kama mdomo unasema yuko sawa. Punguza kasi.

Hapa ndipo dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi ya karate, huharibu. Mgeni hukabidhiwa mwenye mkanda wa juu "amkomaze". Hakomai. Mwili wake unajifunza kwamba kila ngumi ni maumivu, na kuufuta mtazamo huo ni kazi kubwa kuliko kuuzuia usiingie.

Wiki ya tano, mashambulizi yawe mawili, na mkingaji asijue lipi linakuja. Ya sita, piga push-up 20 za haraka ili moyo uende mbio makusudi, kisha kumite nyepesi ya dakika moja, mapumziko sekunde 30, mizunguko mitatu. Vaeni glovu na kinga ya meno. Katika sekunde hizo 30 usikae chini wala usipige soga: pumua mara tatu kwa hesabu ileile, geuza kichwa kushoto na kulia, kwani mtu aliyebanwa huona mbele tu. Mtu wa tatu amuulize anayejifunza: "Mwenzako ameanza na mkono gani?" Akikosa jibu, mzunguko unaofuata uwe mwepesi zaidi. Akijibu mara zote tatu, ongezeni hadi sekunde 90.

Nje ya dojo, tumia kipande kimoja tu cha haya. Kwenye usaili, au mnadani pale bei ya korosho inapozua mabishano, shusha mabega na utoe pumzi moja ndefu kabla ya kufungua mdomo.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au mjamzito amwone daktari kabla ya kuanza. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta kwenye begi lililo pembeni ya uwanja, na mwenzake ajue ilipo.